Kasuku wa Mama Jocelyne Amenyamaza

Ukitoka soko la Baraka kushuka bandarini, kabla harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, haijakuvamia sawasawa, kuna kona yenye benchi la ubao wa boti kuukuu. Hapo Clarisse huuza kahawa ya tangawizi, na hapo wanaume watatu hukusanyika kila asubuhi kutatua matatizo ya dunia, ambayo mpaka leo hayajatatuka hata moja. Wa kwanza ni Anatole, aitwaye Direkta, aliyekuwa mkuu wa shule ya msingi. Macho na miguu vimestaafu, mdomo bado uko kazini. Wa pili ni Bienfait, aitwaye Ampere, kijana anayechaji simu za watu kwa sola katika kibanda cha jirani, na ambaye kila jambo, kuanzia malaria hadi ndoa, hulieleza kwa umeme. Wa tatu ni Isidore, aitwaye Kapita, mwenye boti la kwenda Ubwari. Ubao wa benchi ulitoka kwenye boti lake la zamani, na hamruhusu mtu yeyote kulisahau jambo hilo. Juu ya vichwa vyao, katika kizimba cha nondo kilichoning'inizwa kwenye boriti ya kibanda cha Clarisse, hukaa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Jina lake Sekretere.

Asubuhi hiyo Sekretere alikuwa kimya. Alikuwa kimya tangu Jumapili, na kwa ndege aliyezoea kumkatiza hata mhubiri wa mtaani, jambo hilo lilikuwa limewakosesha watu raha. Manyoya ya kifuani alikuwa ameyang'oa mwenyewe kwa mdomo wake, yakabaki mabaka ya ngozi tupu. Alitetemeka juu ya kijiti chake ingawa jua lilikuwa limeshapanda juu ya ziwa na kila mtu anatokwa jasho. Sauti pekee iliyomtoka ilikuwa kikohozi.

Clarisse alikuwa amekaa nyuma ya mbabula yake ya makaa, kitenge kimekunjwa mapajani. Kitenge hicho hakikuwa cha kuvaa. Kilikuwa cha kufunikia kizimba safarini, kwa sababu jana jioni, kwa roho nzito, alikuwa amekubali: kahawa ya leo ikiisha, Kapita amchukue Sekretere kwenye boti, ampeleke Ubwari, akamfungulie mlango huko kwenye miti. Afadhali aende angali hai kuliko kufia hapa machoni pake. Ndivyo alivyojiambia.

Maana Sekretere alikuwa wa mama yake. Mama Jocelyne ndiye aliyeianzisha kona hii, ndiye aliyemlea kasuku nyumbani tangu hajaota manyoya, na alipofariki msimu wa mvua uliopita aliacha birika, mbabula, na ndege anayesema kwa sauti yake. Si sauti ya kuigiza. Yake kabisa, na ule ukwaruzo wake wa asubuhi. Mama Jocelyne alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: mashapo ya kahawa hayamwagwi chini, maana huleta nzi na sisimizi, na anayefagia ni yeye. Mteja akiinamisha kikombe kidogo tu, alikuwa anasikia, "Eh! Apo chini! Nani atafagia?" Nyumbani aliwakemea watoto kwa maneno hayohayo, na huko ndiko Sekretere alikoyanasa.

Baada ya mazishi Clarisse alimleta ndege kijiweni, na mwenyewe akahamia kulala kibandani, ili ndege asibaki peke yake katika nyumba tupu. Siku ya kwanza tu, Kapita aliinamisha kikombe chake, na kutoka juu marehemu akamkemea. Kapita alisimama wima, akavua kofia. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwaga kitu chini. Vikombe vilirudi mikononi mwa Clarisse vitupu, ardhi mbele ya benchi ikabaki kavu, na yeye akajisikia kwamba mama bado yuko kazini.

— Mi nilishasema, — Ampere alifungua kikao. — Ile ni memwari imejaa. Maneno ya mama Jocelyne iko ndani, ya dada Clarisse iko ndani, ya sisi bote iko ndani. Simu ikijaa inafanyaka nini? Inasimama.

— Na dawa yake? — aliuliza Kapita.

— Kuzima na kuwasha.

— Jana si tulimufunika kitenge, tukamufunua? Ukasema tungoje kidogo, tukangoja. Haikuwaka.

— Haikuwaka ju hatukutoa batri.

— Batri ya ndege iko wapi?

Ampere alimtazama Sekretere kutoka mdomo hadi mkia, kwa udadisi wa kweli kabisa, kisha akakiri kwamba hilo bado anaendelea kulitafuta.

Direkta alikohoa kidogo, kile kikohozi cha kunyamazisha darasa. Alikuwa ameshakunywa hadi palipoanza mashapo. Akainuka, akaenda kujinyoosha mgongo pale chini ya kizimba kama walivyozoea wote, akamrudishia Clarisse kikombe kitupu.

— Sikilizeni, — alisema. — Kasuku anaishi miaka makumi sita. Nilisomaka. Huyu mama Jocelyne alimupata wakati Clarisse iko mutoto wa école primaire. Donki, basi, bado ni kijana. Na kijana akinyamaza, mujue kuna kitu anasoma.

— Anasoma nini, Direkta?

— Kifaransa.

Hata Kapita, aliyekuwa anapuliza kahawa yake, aliacha kupuliza.

— Munashangaa nini? Tangu akuje hapa, kila siku ananisikia. Swahili ameshaimaliza. Mwanafunzi akibadirisha luga, trimestre ya kwanza, muhula muzima, hasemi kitu, anaweka tu ndani ya kichwa. Nimeona batoto wa vile miaka yote ya kazi yangu.

— Na manyoya, papa Direkta? — aliuliza Clarisse bila kuinua uso. — Kifaransa ndjo inang'oaka manyoya?

— Kifaransa ni nguvu, mutoto wangu, — alisema Direkta, lakini kwa sauti iliyopungua kidogo.

Siku nyingine Clarisse angecheka mpaka ashike mbavu. Leo alichochea makaa tu. Alichokuwa anajiuliza ni kimoja, na kilikuwa kinamsumbua kuliko maneno yote ya hawa wanaume: nimekosea wapi? Kila alichofundishwa na mama alikifanya. Papai lililoiva, mahindi yaliyochemshwa, karanga zisizo na chumvi. Ndagala za chumvi hapana, na parachichi ndiyo kabisa usithubutu, mama alisema linaua ndege wa namna hii. Wiki mbili zilizopita alikisogeza kizimba mbali na moshi wa mbabula. Jua likiwa kali alijaza maji mdomoni akampulizia mabawani, naye alikuwa anajitikisa kwa raha. Kopo lake la kunywea, lile kopo la maziwa ya unga ambalo Ampere alilifunga kwa waya upande wa benchini, kila akilitupia jicho kutoka pale alipokaa aliona ukingo umelowa, limejaa pomoni.

— Ata mayi hanywi tena, — alisema. — Kopo iko inajaa kila saa. Namuangalia, nasema labda leo atakunywa, jioni bado imejaa.

Wanaume watatu walitikisa vichwa kwa masikitiko.

— Ndege akikataa mayi, ameamua, — alisema Kapita. — Ndjo ile nawaambia. Huyu anawaza pori. Kule kwa milima ya Itombwe bakasuku banatembeaka makundi na makundi. Huyu hajaonaka mwenzake wa mukia nyekundu ata siku moja. Iko anatuona sisi tu. Direkta, we ungekuwa unaona sura ya Ampere asubuhi mupaka jioni, usingeng'oa manyoya?

— Mi si naionaka? — Direkta alijipapasa kipara. — Munazani hizi zilienda wapi?

Ampere alicheka kwa nguvu kuliko wote, maana ndivyo alivyo.

— Ubwari iko miti mirefu, — Kapita aliendelea. — Nitamufungulia pale nyuma ya nyumba ya shemeji yangu. Ataita, benzake batamujibu.

— Ataita nini? — aliuliza Ampere. — Anajua kuita "kawa iko moto". Kuko kasuku gani wa pori anatafuta kawa?

— Na mwewe? — alidakia Direkta. — Huyu hajui mwewe ni nini. Mwewe akishuka, atamuambia, bonjour, karibu, kaa apa kwa benchi.

Clarisse alikibana kitenge mapajani. Mwewe huyo alikuwa ameshamwona jana usiku, macho wazi kitandani. Alikuwa amemwona Sekretere juu ya tawi asilolijua, anatetemeka, anawaita watu wa Baraka mmoja mmoja. Na lililomuumiza zaidi lilikuwa hili, sauti ya mama yake ikilia peke yake katika miti ya Ubwari, ikiuliza nani atafagia, na hakuna mtu wa kuijibu.

Juu, Sekretere alikohoa.

— Mumesikia? — Ampere aliinuka. — Anakohoa. Ni kifua.

— Hapana, huyo ni mama Jocelyne, — alisema Kapita.

— Ni ndege!

— Ni ndege anakohoa kikohozi ya mama Jocelyne. Mi ndjo nilimuletaka kwa boti kutoka Kazimia ile mara ya mwisho, alikohoa njia yote. Ya kwake ilikuwa na mukia, mwisho inashuka.

Wote watatu walisimama chini ya kizimba, masikio juu, midomo wazi. Mpita njia mwenye karai la ndagala kichwani alisimama pia, akatazama juu, hakuona kitu, akaenda zake. Sekretere aliwatazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Akakohoa.

— Imeshuka, — alisema Kapita.

— Kidogo, — alisema Direkta. — Lakini imeshuka ju anakumbuka, ama imeshuka ju anaumwa? Apo ndjo penye swali.

— Tungesikiliza ya mama mwenyewe, tukapima na hii, — alisema Ampere. — Dada Clarisse, mulimurekodi mama kwa simu? Ata sauti kidogo tu?

Clarisse alitikisa kichwa.

— Hapana, — alisema. — Tulimurekodi kwa nini? Sekretere alikuwa kuko.

Ampere, ambaye ulimi wake haujui breki, alirudi kukaa taratibu, akazamisha macho yake ndani ya kikombe. Ndipo wote walipoelewa kwa mara ya kwanza kile ambacho boti la Kapita lingekibeba.

Direkta ndiye aliyeanza tena.

— Inawezekana ni mwanamuke, — alisema.

— Nani?

— Sekretere. Inawezekana anataka kutaga. Kuku wangu, mbele ya kutaga, ananunaka.

— Kuku yako ananunaka ju unamusemea Kifaransa, — alisema Kapita. — Na utajua aje kama ni muke ama mume?

Hapo palizuka utafiti. Direkta alidai mume ana kichwa kikubwa. Kapita alidai mume ana mkia mrefu. Ampere aliuliza kikubwa na mrefu kuliko nini, maana kasuku ni huyu mmoja, na wazee wote wawili wakamwambia aache kuvuruga mambo. Clarisse naye, pamoja na huzuni yake, alijikuta ananyoosha shingo kutazama. Miaka yote hiyo, hata mama hakuwahi kujiuliza.

— Mi kitu chenye kinanishangaza ni usiku, — alisema. — Halali. Nikiamka namukuta anatembea kwa kijiti, anaenda, anarudi, macho wazi. Mbele, kwetu nyumbani, jua ikishuka tu, kichwa iko ndani ya mabawa.

— Halali kabisa? — Ampere alichangamka ghafla. — Tangu lini?

— Tangu tukuje apa, naona. Mwanzoni nilisema ni furaha. Si munakumbuka vile alikuwa anaongea?

Walikumbuka, na nyuso zao zikang'aa. Wiki zile za kwanza! Sekretere alikuwa anaongea kuanzia kufunguliwa kwa kibanda mpaka kufungwa, bila kupumua. Alikuwa anawasalimia madereva wa pikipiki, anawatukana mbuzi, anamwita Direkta kwa sauti ya Kapita na Kapita kwa sauti ya Direkta. Watu walitoka hadi upande wa pili wa soko kuja kumsikiliza, na kahawa ilikuwa inaisha mapema.

— Alikuwa mukali kuliko sisi bote, — alisema Kapita kwa fahari.

— Vwala! — Ampere alipiga goti lake. — Kumbe ni wazi. Simu yenye inakaa kwa chaji usiku na muchana, mwanzo inawaka muzuri, kisha inapata moto, kisha inakufa. Huyu anachajiwa. Kuko kitu inamuchaji!

Alikimbilia kibandani kwake, akarudi na ile bisibisi yenye kitaa kidogo mpinini. Direkta aliondoka benchini akasimama mbali, kwa usalama, alisema, wa waliobaki. Ampere aligusa nondo ya kwanza, akagusa ya pili, akagusa mlango. Kitaa hakikuwaka.

— Nondo haina moto, — alitangaza.

— Aksanti, — alisema Kapita.

— Basi moto iko ndani yake mwenyewe.

— Ampere, kaa chini unywe kawa yako.

Ampere alikaa, akanywa. Alipofika kwenye mashapo akainuka, akajinyoosha chini ya kizimba, akarudisha kikombe kitupu. Clarisse aliinua birika ammiminie Kapita. Likatoa kahawa ya nusu kikombe, likatoa matone, likatoa sauti ya utupu.

— Imeisha, — alisema.

Neno hilo wamelisikia kila siku ya maisha yao pale, na kila siku hulipokea kwa malalamiko. Leo hakuna aliyelalamika. Kapita alikunywa nusu yake kwa mafunda madogomadogo, kama mtu anayetaka kikombe kisifike mwisho. Kisha akavaa kofia.

— Basi, mutoto wangu, — alimwambia Clarisse kwa upole. — Upepo iko muzuri sasa. Leta kile kitenge.

Clarisse aliinuka. Akajishika kwenye nguzo. Alitaka kusema bado kidogo, ila hakujua kidogo cha kungojea nini.

— Amahoro, bamama na bapapa wa hapa, — ilisema sauti nyuma yao. — Kawa iko?

Alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye jembe begani na tope la shambani miguuni. Ampere alimfahamu: Marie-Goreth, mkimbizi wa Burundi wa kambi ya Lusenda, aliyemwachia simu kuchaji tangu jana. Kijiweni hakuwahi kukaa, kwa kawaida alichukua simu yake na kwenda.

— Kawa imeisha, mama, utusamehe, — alisema Clarisse.

— Haina neno. Ata mayi tu, kiu imenishika njiani.

Clarisse alimmiminia maji kutoka kwenye bido, lile dumu lake la plastiki, kikombe kikajaa. Marie-Goreth alikunywa akiwa amesimama, na wakati anakunywa alimwona ndege.

— Ehe! Ndjo huyu banasemaka anaongea?

— Alikuwa anaongea, — alisema Direkta. — Leo muko munatukuta kwa matatizo.

Marie-Goreth alisogea karibu. Hakuwahi kumwona kasuku kwa karibu hivyo, na uso wake ulikuwa wazi kama wa mtu aliyefika sokoni mara ya kwanza. Sekretere naye alisogea. Alishuka kwenye kijiti kwa shida, akaja mpaka kwenye nondo, akatoa kichwa nje, akaunyoosha mdomo wake mweusi kuelekea kikombe kilichokuwa mkononi mwa mgeni. Alitetemeka shingo yote.

— Iko na kiu, — alisema Marie-Goreth. — Mayi yake iko wapi?

— Iko apo mbele yake, — alisema Clarisse. — Kwa kopo. Imejaa. Hanywi.

Marie-Goreth, kwa urefu wake, hakuhitaji kupanda kitu. Alichungulia koponi. Akachungulia tena. Akachovya kidole, akakinusa, akakiweka ulimini.

— Mama, — alisema, — hii ni kawa.

— Kawa gani?

— Kawa. Na tangawizi. Na sukari. — Aliwageukia watu wa benchini bila ukali wowote, anataka kujua tu. — Mayi alimuwekea nani, na ni siku gani?

Hilo ndilo swali lililowashinda. Watu walioeleza umeme wa ndoa na Kifaransa cha ndege walitazamana. Direkta alitazama viatu vyake. Kapita alikuwa ameshasimama chini ya kizimba, kikombe chake kimeinama kidogo kuelekea kopo, mkono umekwenda wenyewe kwa mazoea. Akaurudisha polepole, kana kwamba mtu amemshika kifundo.

— Mi naweka mabaki tu, — alisema Ampere. — Kitone.

— Na mi kitone, — alisema Direkta. — Nilizani wengine banapelekaka kwa muferezi.

— Chini haturuhusiwi, — Kapita alinong'ona. — Si yeye mwenyewe alinikemea? Nikasema, basi, nimupe yeye. Mutoto wangu, mi nilizani unajua.

Clarisse hakujua. Alikuwa anapokea vikombe vitupu na kujisifu. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma, hasira ya vitone vya watu watatu, kila mmoja akihesabu chake na kusahau cha mwenzake. Hasira yake mwenyewe, aliyelitazama kopo kila siku akaona limejaa na asilichungulie. Na hata, Mungu amsamehe, hasira kidogo ya mama na sheria yake. Ziwa lote hili, watu wanalioga na kulivua, na ndege wa nyumba yao hana tone la maji.

Hakumtukana mtu. Alifungua waya, akalipeleka kopo hadi mfereji wa barabarani, akalimwaga, akalisugua kwa mchanga, akalisuuza, akalisuuza tena. Alipolirudisha lilikuwa limejaa maji ya bido. Alilishika mwenyewe mbele ya nondo, hakulifunga.

Sekretere aliingiza mdomo, akainua kichwa juu, akameza. Akaingiza tena. Watu watano walitazama koo la ndege likipanda na kushuka kana kwamba ni mchezo wa mpira.

— Kumbe wanakunywaka hivi, — alisema Marie-Goreth, amefurahi. — Na kichwa juu. Kama kuku.

Kapita alivua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni.

— Boti yangu leo imejaa, — alisema, ingawa kila mtu aliyatazama mabenchi yake matupu pale mwaloni. — Kizimba haitapata nafasi.

Akashuka bandarini peke yake.

Siku zilizofuata kijiwe kilikuwa na adabu kama kanisa. Kile kitenge cha safari Clarisse alikifunikia kizimba kila jua likishuka, na asubuhi ya kwanza alipokifunua alimkuta Sekretere kichwa ndani ya mabawa, amelala. Maji yalibadilishwa kila asubuhi, na Direkta alijipa cheo cha kuyakagua, kwa miwani. Mashapo yakawa taabu. Kila aliyemaliza kikombe alivuka barabara mpaka mfereji, akakwepa pikipiki, akarudi, kama mtoto aliyetumwa. Vinyoya vidogo vya kijivu vilianza kuchomoza kifuani mwa ndege. Siku moja alisema, kwa sauti ya Ampere, "Kawa iko moto," na Ampere akaenda kuwatangazia watu mpaka stendi ya pikipiki.

Lakini sauti ya mama haikurudi. Clarisse aliingoja kila asubuhi akiwa anawasha makaa, na hakumwambia mtu. Alianza kujizoeza kufikiri kwamba ndege amepona na hilo linatosha. Halikuwa linatosha.

Kapita alirudi kutoka Ubwari siku ya soko, barabara imefurika. Alikaa mahali pake, akanywa, akasifu, akafika kwenye mashapo. Akainuka avuke kwenda mferejini. Lori la mizigo lilikuwa limeziba njia, nyuma yake pikipiki, nyuma yake mbuzi wa watu. Alibaki amesimama na kikombe mkononi, hajui akipeleke wapi. Alitazama kopo, akaogopa. Alitazama chini, akaogopa zaidi.

— Mwaga chini, mujomba, — alisema Clarisse.

— Apa?

— Apo apo. Mwaga.

Kapita alimtazama, akamtazama ndege. Kisha akainamisha kikombe, na mashapo meusi yakaanguka mbele ya benchi, kwenye ile ardhi iliyokuwa kavu miaka yote. Sekretere aliinamisha kichwa upande, akaliangalia doa lile kwa jicho moja, kwa muda mrefu.

"Eh!" ilisema sauti yenye ukwaruzo wa asubuhi. "Apo chini! Nani atafagia?"

Kapita alivua kofia. Clarisse alikuwa ameshaushika ufagio, machozi yanamtiririka hadi kidevuni na hayafuti.

— Ni mi, mama, — alisema. — Mi ndjo nitafagia.